Mwaka Ambao Sikukaa

Mama Zuhura alizikwa kabla sijafika. Nilikuwa Mpulungu, mwisho wa ziwa upande wa kusini, niliposikia, na kutoka Mpulungu hadi Bujumbura kwa barabara, kwa mtu anayemwomba dereva asimame kila baada ya saa moja ili ashuke anyooshe kiuno, si safari fupi. Nilipoingia uani kwake, mtaa wa Bwiza, wanaume walikuwa wameshakunja maturubai na wanawake waliobaki walikuwa wakichambua mchele wa hitima. Mmoja wao aliinua uso, akatazama nilivyosimama, mguu wa kushoto mbele na mkono kiunoni, akasema kabla sijatoa salamu: "Huyo ni Neema. Hakuna mutu mwingine anasimama vile." Alikuwa Odette, jirani yetu wa mlango wa pili zamani zile, sasa bibi mwenye mvi na miwani. Mara ya mwisho tulionana tukiwa nyuma ya gari moja, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Akanipa ungo. Niliuweka juu ya ukingo wa dirisha nikachambua nimesimama, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ya nyumbani kwetu siyaandiki hapa. Nilifika kwa Mama Zuhura peke yangu, na hilo linatosha. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Miezi michache kabla, risasi zililia karibu na soko, watu wakakimbia, nami nikatumbukia kwenye mfereji wa zege na wengine wakapita juu yangu. Hospitalini walinilaza wiki sita, kisha wakaniambia mfupa wa nyonga umeunga. Mfupa uliunga kweli, ila maumivu hayakupewa habari. Niliweza kusimama, kutembea polepole na kulala ubavu wa kulia. Kukaa sikuweza. Nikijaribu, kitu kama msumari wa moto kilipanda kutoka nyonga hadi bega, nikaona giza. Mwalimu aliniruhusu nisimame nyuma ya darasa, lakini baada ya majuma mawili miguu ilivimba, nikaacha shule nikiwa kidato ambacho sikukimaliza kamwe. Wapo waliosema ni uvivu. Siwalaumu sana. Mwaka ule kila mtu alikuwa na jeraha la kuonyesha, na langu halikuonekana.

Mama Zuhura alikuwa mjane, mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mjini, mwembamba, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyovimba kwenye viungo kama tangawizi. Marehemu mumewe aliuza vitambaa, na duka lilipovunjwa kilichobaki ni magunia manne ya vipande, vile vikwembe vinavyobaki fundi akishakata nguo ya mteja. Kwa vipande hivyo alishona mabulangeti ya viraka. Juu viraka, katikati blanketi kuukuu au sweta zilizofumuliwa, chini gunia la unga lililofuliwa mpaka likawa laini, kisha unapitisha sindano kwenye matabaka yote matatu, mshono kwa mshono, mpaka yashikane yawe kitu kimoja. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo, na harufu yake ya mafuta ya taa na kitambaa kipya naikumbuka hadi leo. Katikati kulikuwa na ule mlango wa duka. Wezi walibeba kila kitu wakauacha mlango, naye akaulaza juu ya mapipa mawili ukawa meza. Alikuwa ameuweka chini chini ili ashone amekaa. Siku ya tatu baada ya mimi kufika, nilimkuta anaingiza matofali chini ya mapipa, moja moja, akisukuma kwa goti kwa sababu vidole havikushika. Meza ikapanda mpaka kifuani pangu. Kuanzia siku hiyo ni yeye aliyepanda juu ya kiti cha baa alichoazima, miguu ikining'inia kama mtoto, na mimi nikashona nimesimama.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, nami nimeibeba katika kila mji nilioishi. Uzi unapimwa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, usizidi hapo. Unaposhona, hulalamiki. Uzi ukiisha, wakati wa kutunga mwingine, hapo unaruhusiwa kulalamika utakavyo, hata kumtukana aliyekuzaa, mpaka uzi uingie kwenye tundu. Ukiingia tu, mdomo unafungwa. Kwa kuwa vidole vyake havikuweza kutunga, nilitunga sindano zake na zangu, na wakati huo tulilalamika wote wawili kwa pamoja, kila mmoja lugha yake, yeye akichanganya Kiarabu cha dua na matusi ya Kirundi. Kisha kimya. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kizee. Baadaye nilielewa kwamba maumivu yasiyo na mwisho huwezi kuyavumilia, lakini ya urefu wa uzi mmoja unaweza. Hadi leo daktari akiniuliza maumivu yangu nayapa ngapi kwa kumi, sijui kumjibu. Najua kumwambia tu ni nyuzi ngapi nilishona jana.

Tulikula mchana, mapema, kwa sababu jioni ilikuwa ya kufunga milango na kusikiliza. Ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, siku nzuri maharage yenye mafuta ya mawese. Wenzangu walikaa kwenye mkeka, mimi nilikula nimeegemea nguzo, sahani mkononi, na Odette, aliyekuwa na ulimi mkali na watoto watatu, hakuchoka na mzaha wake mmoja. "Leteni majani," alikuwa akisema, "farasi ya muzungu imefika." Watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Mumewe, fundi wa redio, aliacha moja ikilia chini sana, na maneno mengi ya ua ule niliyasikia nikiwa nimesimama pembeni, juu ya vichwa vya watu, kama anayesikia mvua. Fulani ameondoka. Nyumba ya fulani imeingiwa na watu wengine. Huku hakupitiki, kule kunapitika mpaka saa nane. Na swali la mwaka ule, lililoulizwa kila njia panda, lilikuwa moja tu: unakaa wapi? Kwa maana ukitaja mtaa umeshajitaja wewe ni nani, au umetajwa. Waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo nisiwachoshe kwa hesabu ya nani alikuwa upande gani. Mimi swali hilo lilinichoma mara mbili. Kwetu neno la kuishi mahali na neno la kuweka makalio chini ni hilo hilo moja, kukaa, na mimi sikuwa na uwezo wa lolote kati ya hayo mawili.

Kazi ya ajabu ilianza msimu wa mvua. Mama Zuhura alileta kipande kifupi, upana wa mkono mmoja, akasema hiki hakitakuwa bulangeti. Ni kitu cha kukalia, kwa ajili ya mama mmoja mgonjwa wa Kiriri, kule juu kwenye nyumba za wakubwa, mwenye shida ya nyonga. Matabaka manane badala ya matatu, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na katikati shimo la mviringo lililozungushiwa mshono mara sita. "Unalingana naye kiuno," aliniambia. "Simama hivi nikupime." Nikasimama, akanipima kwa kamba, akaweka mafundo. Kupitisha sindano kwenye matabaka manane ni kama kushona kiatu. Kidole cha kati kilitoboka, nikakifunga kitambaa. Mara nyingi alifumua nilichoshona, akatoa sweta hapa akaongeza kule, akanipima tena. Nilimwonea wivu yule mama wa Kiriri. Nilijiuliza ana nini cha ziada hata vidole vile viteseke kwa ajili yake.

Kisha likaja neno. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nimeuegemea, mgongo ukipata joto la moshi, na upande wa pili walikuwa Odette, mumewe na Mama Zuhura. Walizungumza kwa sauti ndogo. Niliambulia vipande: kamioneti, yaani gari dogo la mizigo, dereva anayejuana na wa mpakani, Uvira ng'ambo ya mpaka, Ijumaa ya wiki ijayo. Watu tisa. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameniambia chochote. Halafu Odette akauliza wazi kabisa, "Na huyu mutoto?" Mama Zuhura akajibu.

"Huyu atakaa."

"We una hakika?"

"Mi nakwambia atakaa."

"Basi sawa," alisema Odette, na wakaanza kuzungumzia chumvi.

Sikulia. Nilirudi kwenye meza nikashona mpaka jioni nyuzi ambazo sikuzihesabu, na wakati wa kutunga sikulalamika. Mama Zuhura aliliona hilo. Aliniuliza kama nyonga imetulia. Nikasema ndiyo. Siku mbili nikamtazama anavyokula, anavyosali, anavyoninyooshea kipande cha kitambaa na kuniambia kijani kinapendeza na rangi ya chungwa, na kila kitu niliona ni wema wa mtu anayemlisha mbuzi wa sadaka. Ningeachwa nyumbani, nikiwa nimesimama. Na nilimwelewa, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ni nani angembeba mtu asiyeweza kukaa kwenye gari la watu tisa? Siku ya tatu asubuhi nikasema naenda kuchota maji. Nikatoka, nikaelekea kusini, kwenye barabara ya Musaga, ambako mwenzangu wa shule aliniambia zamani nikiwa na shida nije kwao. Zamani hiyo ilikuwa kabla ya vita. Nilijua kwamba mitaa hii miwili haikuwa ikitembeleana tena. Nilijua pia kwamba bomba la maji lilikuwa upande wa pili, na kwamba ndoo nimeiacha nyuma ya mlango.

Nilitembea karibu saa nzima mwendo wa dakika ishirini. Bariyeri, kizuizi cha njiani, ilikuwa gogo moja na mawe, na vijana sita au saba, wengine na sweta za shule. Mmoja alikuwa na guruneti aliloning'iniza kidoleni kwa pete kama ufunguo wa gari. Waliopita waliamriwa wakae chini barabarani kwa mstari, mikono magotini, kisha wakaulizwa mmoja mmoja. Kulikuwa na wanawake wawili wenye makapu na mzee mmoja mwenye kofia. Wakakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"We dada, kaa chini."

Nikamwambia siwezi.

"Unakaa wapi?"

"Siwezi kukaa," nilirudia, kwa sababu ndilo neno pekee lililokuwa kichwani.

Yule mwenye guruneti alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliwageukia wenzake akawaambia huyu anatufanyia muchezo. Akanisogelea. Alikuwa na chunusi kwenye paji la uso na harufu ya bia ya mtama. Aliuliza mara ya tatu, taratibu, unakaa wapi, nami nilijua sasa swali ni lile lingine, na sikuwa na jibu zuri, maana nikitaja Bwiza nimekosea na nikitaja Musaga nimedanganya. Mmoja wa wale wanawake alininong'oneza bila kuinua kichwa: kaa, mama, kaa tu hata kidogo. Nilijaribu. Nilikunja magoti, ule msumari ukapanda, nikajikuta nimesimama wima tena, na wao wakaona ni kiburi. Kijana alinishika bega anisukume chini.

Ndipo Mama Zuhura akafika. Sikuwahi kumwona bila ushungi. Siku hiyo ulikuwa shingoni. Odette alikuwa ameiona ndoo nyuma ya mlango. Mama Zuhura alihisi nimeanguka mahali na kushindwa kuinuka, kwa hiyo alinifuata akiulizia njiani, amebeba kichwani kile kikalio cha mama wa Kiriri. Aliwasalimia wale vijana mmoja mmoja, wanangu hamujambo, kama amewakuta kwenye harusi. Kisha akasema, "Mumungojee kidogo. Huyu atakaa."

Aliweka kikalio juu ya lami, akakigeuza upande mnene ukaja kushoto. Akanishika makwapa kwa mikono ile isiyoweza kushika hata uzi. Aliniambia nivute pumzi, nishuke kwa kulia kwanza, nimwachie yeye uzito, sasa kushoto, taratibu, shimo lipokee mfupa. Nikashuka. Msumari ulikuja ukafika kiunoni, ukasimama hapo. Nilikuwa nimekaa. Baada ya miezi kumi na moja nilikuwa nimekaa, katikati ya barabara, mbele ya guruneti, na kilichonijaa si hofu. Nilimtazama juu nikamwuliza, "Hakuna mama wa Kiriri?" Akasema apana, hakuwahi kuwepo. Hakutaka kuniahidi kiti ambacho hakujua kama kitafanya kazi.

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno mara ya pili, ingawa lilikuwa limesemwa siku tatu zilizopita. Atakaa. Odette alikuwa ameuliza kama naweza kukaa ndani ya gari.

Vijana walipoteza hamu ya maswali. Yule wa guruneti alinitaka niinuke, akakichukua kikalio, akakibonyeza, akakiweka juu ya jiwe akakikalia. Akasema kwa mshangao wa kweli, "Eh, hii ni kiti ya waziri." Mama Zuhura alimwomba akirudishe. Alimweleza yote, nyonga, mfereji, kila kitu. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima hata, kisha akasema tunaweza kwenda, wote, na wale wenye makapu pia, lakini kiti kinabaki. Tulirudi Bwiza mikono mitupu. Njiani nilimweleza nilichosikia nyuma ya ukuta wa jiko na nilivyolielewa. "Siku tatu ulinifikiria hivyo," alisema. "Na ulikula chakula yangu." Hakulirudia tena neno hilo, lakini halijanitoka.

Zilibaki siku nne kabla ya Ijumaa. Tulikata viraka upya bila kuchagua rangi. Odette aliacha mzaha wake, akaleta sweta za watoto, akafumua. Alishona pia, vibaya, mishono ya kukimbia, nasi tukaifuata kwa nyuma tukairekebisha. Mama Zuhura hakutaka kuniachia mzunguko wa shimo, kwa sababu alisema hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokuwa, nilikaza mno. Vidole vyake havikushika sindano tena, hivyo nilimfungia sindano kwenye kidole gumba kwa utepe, akawa anaisukuma kwa kiganja. Siku ya pili kiganja kilichubuka. Siku ya tatu nilipomtungia uzi nilisubiri alalamike, kama sheria ilivyo, lakini alifumba macho tu akatulia. Nilitamani atukane. Tulimaliza Alhamisi kabla ya adhana ya alasiri. Kikalio cha pili kilikuwa kibaya kwa macho, kama kiraka cha tairi, na kilinikalisha vizuri kuliko cha kwanza.

Sikuwa nimeuliza kama yeye anakuja. Nilidhani ni mmoja wa tisa. Asubuhi ya Ijumaa nilimwona amevaa nguo za nyumbani, na mikono yote miwili imefungwa vitambaa. Alisema hakuna anayemtafuta yeye, na nyuma ya kamioneti lazima ushike bomba. Alionyesha mikono yake. "Nitashika na nini?" Alisimamia nilivyopakiwa, kifua changu kikiegemea bomba la nyuma ya kibanda cha dereva, uso mbele, maana nikiwa nimekaa mgongo wangu haukustahimili kuegemea kitu. Aliingiza mkono chini yangu akapapasa kama matabaka yamekaa sawa. Hatukuagana kwa maneno mengi. Alimwambia dereva apunguze mwendo kwenye mashimo.

Wengi husema walipoondoka hawakugeuka nyuma kwa sababu ya uchungu. Mimi sikugeuka kwa sababu kiuno changu hakigeuki. Odette alikuwa amekaa ananitazama, mtoto mapajani, akiona barabara yote tuliyokuwa tukiiacha. Nikamwuliza kama Mama Zuhura bado amesimama pale. Akasema bado. Tukapita nyumba kadhaa nikauliza tena. Bado. Niliuliza mpaka tulipoikata kona, na kila mara aliniambia bado amesimama, bado anatutazama.

Nimeishi Uvira, Kigoma, Lubumbashi, Mpulungu, na miji mingine ambako sikumaliza mwaka. Nashona vikalio kwa watu wenye nyonga kama yangu. Wapo wengi kuliko nilivyodhani. Mara mbili nilifunga mzigo nirudi Bwiza. Mara ya pili nilifika Uvira, ambako usiku taa za Bujumbura unaziona ng'ambo ya maji, na asubuhi nikageuza njia. Sikuweza kumkabili mwanamke aliyesimama barabarani kwa ajili yangu na mikono ile. Kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kusimama.

Haya yote nilimwambia Odette juzi, tukichambua mchele. Alivua miwani akaifuta kwa kanga muda mrefu.

"Neema, mi nilikudanganya," alisema. "Hakusimama. Gari haijafika hata nyumba ya tatu, alishaingia ndani. Ulikuwa unatetemeka, ndiyo nikasema bado."

Nikamwuliza alikwenda kufanya nini.

"Niliporudi huku aliniambia. Alitia mikono kwenye maji ya moto, kisha akalala mpaka alasiri. Alisema tangu vita ianze hakuwahi kulala vile."

"Ningejua alilala," nilimwambia, "ningerudi."